Uingereza: Namna gani kuongeza vyumba kwenye nyumba ya miaka 300 bila kuiua

Nyumba ni yako. Karatasi zote ziko kwa jina lako, na feza ya kazi iko. Lakini siku utakapoondoa dirisha moja la zamani bila ruhusa, unaweza kupelekwa mbele ya tribinali, kulipa faini isiyo na kiwango cha mwisho, na hata kufungwa hadi miaka miwili. Hiyo ndiyo hali ya wenye nyumba za kihistoria huko England, nyumba ambazo serikali imeziandika kwenye orodha ya majengo yanayolindwa.

Hata hivyo, watu wanaishi ndani ya nyumba hizo. Wanazaa, wanapokea wazazi waliozeeka, wanataka jiko kubwa, choo cha ndani na chumba cha watoto. Nyumba yenyewe ilijengwa miaka 200 ama 300 iliyopita kwa ajili ya familia ya mfanyakazi wa shamba: vyumba viwili chini, viwili juu, na mlango ambao mtu mrefu anainama ili apite. Sheria inadai nyumba ibaki na sura yake, familia inadai nafasi. Kati ya mambo hayo mawili, mafundi wa huko wamejifunza namna ya kufanya kazi ambayo inafaa kujulikana hata huku mashariki mwa Congo, kwa sababu nyingi kati ya nyumba hizo zimejengwa kwa vitu tunavyovijua vizuri: miti, udongo, mawe na majani.

Nyumba za maskini zilizogeuka mali

Waingereza wanaiita cottage, ni kusema nyumba ndogo ya kijijini. Zamani aliyeijenga alichukua kile kilichokuwa karibu. Katika jimbo la Devon, upande wa kusini-magharibi, watu walikanyaga udongo pamoja na majani makavu na maji, wakaupanga tabaka juu ya tabaka hadi ukuta ukawa na unene wa zaidi ya nusu meta. Kwenye vilima vya Cotswolds kulikuwa jiwe la rangi ya asali, wakajenga kwa jiwe hilo. Herefordshire na Sussex, kulikokuwa misitu ya mwaloni, walisimamisha nguzo nene za mti huo, wakasuka fito katikati, kiisha wakakandika udongo uliochanganywa na majani na mavi ya ng'ombe.

Msomaji wa Kivu ama wa Maniema atatambua mara moja. Ni nyumba ya miti na udongo, ile ambayo wengi wetu wanaita nyumba ya potopoto. Tofauti kubwa ni mti: mwaloni ni mgumu sana, na ukibaki mkavu unaweza kusimama kwa mamia ya miaka. Juu yake paa liliezekwa kwa mabua ya ngano ama kwa matete.

Leo nyumba hizo hizo, ambazo wafanyakazi wa mashamba walizikimbia ili kwenda kutafuta maisha mjini, zinatafutwa na watu wenye uwezo. Zikiwa na paa la majani na bustani mbele, bei yake inapanda juu sana. Na mwenye kuinunua, mara nyingi jambo la kwanza analowaza ni kuiongeza.

Orodha iliyozaliwa na mabomu

Sheria ya kulinda majengo ya zamani iko huko tangu mwisho wa karne ya 19, lakini orodha kubwa ya leo ilizaliwa wakati wa vita ya pili ya dunia. Ndege za Ujerumani zilikuwa zikibomoa miji, na kila kiisha bomu kuanguka ilibidi kujua haraka ni jengo gani lililoumia linastahili kuokolewa, na lipi linaweza kuangushwa. Sheria za mwaka wa 1944 na 1947 ziliweka msingi wa kazi ya kuhesabu majengo hayo nchini kote.

Leo England peke yake ina karibu majengo 380,000 kwenye orodha. Yamepangwa katika madaraja matatu. Daraja la juu kabisa, la kwanza, lina asilimia 2.5 tu. Zaidi ya asilimia 90 yako katika daraja la pili, na humo ndimo zinapatikana nyumba nyingi ndogo za vijijini. Karibu kila nyumba iliyojengwa mbele ya mwaka wa 1700 na ambayo ingali na sehemu kubwa ya mwili wake wa zamani inaingia kwenye orodha, pamoja na nyingi za kati ya 1700 na 1850.

Jambo ambalo wanunuzi wapya wanalisahau ni hili: ulinzi hauishii kwenye uso wa nyumba unaotazama barabara. Unaingia hadi ndani. Ngazi za mbao, mahali pa moto, mlango wa chumba cha kulala, sakafu ya mawe, vyote vinahesabiwa. Hata kibanda cha nyuma, kama kilikuwa kwenye parseli hiyo mbele ya tarehe 1 Julai 1948, kinaweza kuwa chini ya ulinzi huo huo.

Kuomba ruhusa hakulipiwi. Mwenye nyumba anapeleka michoro kwa uongozi wa wilaya, na anaeleza kwa maandishi mambo mawili: kitu gani ndani ya nyumba kina thamani, na kazi anayotaka itagusa nini. Kwa kawaida jibu linatakiwa kutoka ndani ya wiki nane. Mtumishi wa wilaya anayehusika na majengo ya zamani anaweza kuja kutazama, kugonga ukuta, kuingia chini ya paa.

Na yule anayejenga kwa kujificha, akisema miaka itapita na watu watasahau? Kwa majengo haya, hakuna muda ambao ukipita kosa linafutika. Uongozi unaweza kuamuru dirisha la plastiki liondolewe hata kiisha miaka 20. Zaidi ya hapo, amri hiyo inamfuata mwenye nyumba wa leo. Mtu anaweza kununua nyumba kwa nia nzuri, kiisha akajikuta analipa kwa kazi mbovu iliyofanywa na mwenye nyumba wa mbele yake. Ndiyo sababu mnunuzi mwenye busara anaomba kuona ruhusa za kazi zote za zamani mbele ya kutia sahihi.

Nyumba iliyonunuliwa kwa pauni 10

Wazo lililo nyuma ya sheria hiyo ni la zamani kuliko orodha. Katika karne ya 19, wasanifu wengi wa Uingereza walikuwa wakichukua makanisa ya kale na kuyakwangua kuta, wakiondoa kazi za vizazi vingi, kusudi yarudi kwenye sura waliyoiwazia wao wenyewe. Mwaka wa 1877, mwandishi na fundi William Morris pamoja na wenzake wakaanzisha shirika la kulinda majengo ya kale dhidi ya kazi ya namna hiyo. Walisema: tengeneza kidogo kidogo, kila siku, ziba panapovuja, usibahatishe sura ambayo hukuiona.

Jaribio kubwa lilikuja Alfriston, kijiji cha Sussex. Huko kulikuwa nyumba ya mwaloni na udongo ya karne ya 14, iliyokuwa mali ya kanisa, na ambayo ilikuwa karibu kuanguka. Mwaka wa 1896 ilinunuliwa kwa pauni 10 na National Trust, shirika lililokuwa limeanzishwa mwaka mmoja tu mbele ya hapo. Ilikuwa jengo la kwanza ambalo shirika hilo lilinunua. Nyumba iko hadi leo, na wageni wanaingia kuitazama. Sakafu ya ukumbi wake ni ya chokaa laini iliyopondwa na kushindiliwa, kiisha ikamiminiwa maziwa yaliyoganda ili ikaze. Ni ufundi wa zamani wa eneo hilo, na sakafu inakanyagwa bila tatizo.

Adui anaitwa simenti

Mtu asiyejua nyumba hizi anafikiri kwamba maadui wake ni mvua na miaka. Mafundi wa huko wanataja adui mwingine: simenti.

Ukuta wa zamani haukujengwa kama ukuta wa leo. Hauna tabaka la plastiki chini ya kuzuia unyevu, na msingi wake mara nyingi ni mawe machache tu yaliyolazwa karibu na uso wa udongo. Maji yanaingia ndani yake: yanapanda toka chini, yanapigwa na mvua toka inje, yanatoka kwenye mvuke wa jiko. Lakini ukuta ulijengwa kwa udongo ama kwa mawe yaliyoshikanishwa na chokaa, na vitu hivyo vina matundu madogo sana. Maji yanayoingia leo yanatoka kesho kwa jua na upepo. Mafundi wanasema ukuta unapumua.

Katika karne ya 20, wenye nyumba wengi waliona ufa, wakapaka simenti. Ilikuwa ngumu, safi, na kazi ya siku moja. Lakini simenti haipitishi maji vizuri, na haipindiki pamoja na nyumba inayocheza kidogo kidogo kila majira. Inapata ufa mwembamba kama unywele. Mvua inaingia kwa ufa huo na haipati njia ya kutoka. Nyuma ya sura nzuri, mwaloni uliosimama miaka 300 unaanza kuoza. Jiwe laini linajaa maji, baridi kali inayagandisha, na uso wa jiwe unabanduka vipande vipande. Katika Devon, ukuta wa udongo uliofunikwa na simenti unaweza kulowa hadi chini yake kugeuka tope, kiisha siku moja ukaanguka bila kuonya.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kurudisha nyumba kama hiyo ni kuondoa. Fundi anabandua simenti polepole kwa nyundo na patasi, kwa sababu mashine inaweza kung'oa jiwe pamoja nayo. Kiisha anaacha ukuta ukauke, na hilo linaweza kuchukua miezi mingi. Ndipo anapaka chokaa.

Chokaa hiyo inatokana na jiwe lililochomwa kwa moto wa digrii 900 hivi, kiisha likazimwa kwa maji. Inachanganywa na mchanga na inapakwa tabaka nyembamba moja kiisha nyingine. Haigandi haraka kama simenti: inakuwa ngumu kwa kunywa hewa ya kaboni polepole, na inaogopa baridi kali. Ndiyo sababu mafundi wengi hawaipaki inje wakati wa majira ya baridi. Mwenye haraka hawezi kuipenda.

Kwa mti uliooza, utaratibu ni huo huo wa kugusa kidogo. Hawatupi nguzo nzima. Wanakata sehemu iliyokufa, wanaunga kipande cha mwaloni mpya kwa kukipachika ndani ya ule wa zamani, na wanakiacha kionekane. Anayekuja kiisha miaka 100 atajua kipi ni cha zamani na kipi ni cha wakati wetu.

Watu wa Devon wana msemo kuhusu nyumba zao za udongo: zinahitaji kofia nzuri na viatu vizuri. Kofia ni paa linalotokeza mbali na ukuta, viatu ni msingi wa mawe unaoinua udongo juu ya maji.

Chumba kipya kiwekwe wapi?

Nyumba ikishapona, ndipo swali la kuongeza linakuja. Kila wilaya ina namna yake ya kuamua, lakini mambo fulani yanarudi karibu kila mahali.

Sehemu mpya inatakiwa isiishinde ya zamani kwa ukubwa. Mara nyingi inawekwa nyuma, paa lake likiwa chini kuliko la zamani, ili anayepita barabarani aendelee kuiona nyumba ndogo ileile. Kati ya hizo mbili, wasanifu wengi wanaweka njia fupi ya vioo. Kioo kinafanya kazi mbili: kinaacha ukuta wa zamani uonekane, na siku moja kikiondolewa, nyumba inabaki kama ilivyokuwa. Ili kupita toka upande mmoja hadi mwingine, wanatafuta kwanza mlango ama dirisha lililokuwapo, kuliko kutoboa ukuta mpya.

Kuchimba ni jambo la hatari. Kwa sababu msingi wa zamani ni mfupi, mfereji wenye kina uliochimbwa karibu nao unaweza kuufanya ukuta ushuke. Na mahali pengine wilaya inadai mtaalamu wa mambo ya kale awepo wakati udongo unafunguliwa.

Kuna pia mpangaji asiyelipa kodi: popo. Sheria ya mwaka wa 1981 inawalinda pamoja na mahali wanapolala, na darini mwa nyumba ya zamani ndimo wanapenda kukaa. Kama kuna dalili zao, uchunguzi unafanywa katika miezi ya joto wanapotembea. Mwenye nyumba aliyekumbuka popo mwezi wa kumi anaweza kungoja hadi mwaka unaofuata.

Je, sehemu mpya ifanane na ya zamani? Hapo mabishano hayaishi. Wengine wanataka jiwe lilelile na paa lilelile. Wengine wanasema kuiga ni kudanganya, na kila wakati uache alama yake. Nyumba mbili zilizoongelewa sana zinaonyesha jibu la hao wa pili.

Manjanja juu ya mavumbi ya zamani

Ya kwanza iko karibu na mji wa Leominster, Herefordshire, na ilijulikana sana: kazi yake ilikamilika miaka ya 2010, na mwaka wa 2017 ilikuwa imeandikwa kila mahali kwenye magazeti ya ujenzi. Wasanifu Kate Darby na David Connor walikuwa na kijumba cha miaka 300 hivi, kilicholindwa na sheria katika daraja la pili, lakini ambacho kilikuwa kimekuwa gofu. Wengine wangekitengeneza upya hadi kisitambulikane. Wao waliamua kutogusa kitu. Walijenga nyumba mpya nzima juu yake na pembeni yake, kama mtu anayefunika chungu kwa chungu kikubwa zaidi. Ndani, gofu limebaki na miti yake iliyooza, mimea iliyokauka ukutani, viota vya ndege, utando wa buibui na mavumbi. Baridi na mvua havilifikii tena.

Na inje ya nyumba hiyo mpya imefunikwa na nini? Manjanja. Yale mabati ya mikunjo tunayoyajua Bukavu, Goma na Kindu, yakiwa ya rangi nyeusi, toka paa hadi kuta. Kwetu ni alama ya nyumba ya kawaida. Kule yalichaguliwa kwa sababu ni vazi la vibanda vya mashambani.

Ya pili iko Gretton, Northamptonshire. Nyuma ya nyumba ya karne ya 19 iliyolindwa kulikuwa kuta za karakana ya zamani iliyotengeneza ngozi za kuandikia, bila paa. Wenye nyumba walikuwa wamefikiri kubomoa kuta hizo ili wapate nafasi. Msanifu wao, Will Gamble, akawashauri kinyume: waziache, na waweke vyumba vipya ndani yake. Alitumia matofali yaliyokwisha kutumika, mwaloni, na chuma cha aina inayoota kutu juu juu, kutu ambayo inakilinda chuma chenyewe. Kilichokuwa takataka ya kuondolewa kimekuwa ukuta wa jiko na sebule.

Nani analipa?

Yote hayo ni ghali. Mafundi wa chokaa, wa mwaloni na wa kuezeka majani si wengi, na kazi yao haiendi mbio. Lakini malalamiko makubwa ya wenye nyumba yako kwenye kodi. Hadi mwaka wa 2012, kazi ya kubadilisha ama kuongeza nyumba iliyolindwa, ikiwa imepata ruhusa, haikulipiwa kodi ya mauzo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2012 inalipiwa asilimia 20, sawa na kazi ya kutengeneza. Wakati huo huo, anayejenga nyumba mpya kabisa halipi kodi hiyo. Watetezi wa majengo ya zamani wanauliza: serikali inawezaje kumlazimisha mtu atunze nyumba, kiisha imtoze kodi kwa kuitunza, na imsamehe aliyeanza upya?

Na huku kwetu?

Congo nayo ina sheria. Amri ya tarehe 15 Machi 1971 kuhusu ulinzi wa mali za utamaduni inairuhusu serikali kuandika majengo yenye thamani ya historia na kuyalinda. Lakini Bukavu inajulikana kwa nyumba za wakati wa Wabeljiji zenye kona za mviringo na baraza zinazotazama ziwa, na kila mkazi wa mji ameshaona moja yao ikifichwa nyuma ya jengo la orofa ama kugawanywa parseli.

Kwa familia yenye nyumba ya babu, iwe ya matofali ya kuchoma ama ya miti na udongo, kuna mambo ambayo hayangojei serikali. Tazama kwanza maji yanatoka wapi: mfereji uliojaa na paa fupi vinaua nyumba nyingi kuliko uzee. Ondoa udongo uliorundikana kwenye mguu wa ukuta. Kama ukuta wa udongo una ufa, uzibe kwa udongo ama chokaa. Simenti juu ya udongo itabanduka kwa mvua, na itaondoka na sehemu ya ukuta. Kama nafasi ni ndogo, jenga chumba kipya nyuma, chini kidogo, na acha cha zamani kisimame. Na mbele ya kubomoa, piga picha na pima kila chumba, kwa ajili ya wale watakaouliza kesho nyumba ya mzee ilikuwa namna gani.